"Get" si "obtenir" peke yake

Jumamosi iliyopita jirani yangu hapa Kayole, Nairobi, mama kutoka Bukavu, mashariki mwa Kongo, alirudi kwenye mahojiano ya kazi akiwa ameinamisha kichwa. Ni fundi wa nguo, na mshono wake hauna doa. Mwenye duka alimweleza utaratibu wa kazi kwa Kiingereza, kisha akamuuliza: "Did you get it?" Akajibu: "No." Mahojiano yakaishia hapo.

"Dada yangu, aliniuliza kama nimepata, na hakunipatia kitu." Kumbe aliulizwa kama ameelewa.

Akanifungulia daftari lake la masomo. Kwa wino mwekundu, mwandiko wa mwalimu: get = obtenir, yaani "kupata" kwa Kifaransa. Hakuna kingine. Nilikasirika, na mpaka leo hasira haijanitoka.

Mfaransa hana kitenzi kimoja kinachobeba mzigo wa "get". Ukipata barua ni recevoir, ukienda kuchukua mkate ni aller chercher, ukifika nyumbani ni arriver, ukielewa ni comprendre. Tena pale anapotia "se" yake, kwenye se marier (kuoa au kuolewa), se lever (kuamka), se perdre (kupotea), Mwingereza anairudia "get" ileile: get married, get up, get lost. Aliyekaririshwa obtenir peke yake atasema "I obtained a cold" akitaka kusema amepata mafua, na watu watamshangaa tu bila kumwonyesha kosa lilipo.

Kinachoniuma hasa ni kwamba mama huyu amekulia kwenye Kiswahili. Sisi tunapata kazi, tunapata mtoto, tunapata homa, tunapata hasara. Ukieleza jambo likaeleweka, unaambiwa "nimekupata". Wazee husema "sijapata kumwona". Nusu ya "get" anayo mdomoni tangu utotoni, halafu darasani anazungushwa kupitia Kifaransa kana kwamba lugha ya nyumbani haina la kumfundisha.

Nakubali, "kupata" hakufiki kote. Get old ni kuzeeka, get wet ni kulowa, get drunk ni kulewa. Hapo kila badiliko lina kitenzi chake, na Kifaransa nacho kina vieillir. Hayo yafundishwe kivyake, kwa sentensi nzima.

Rwanda ilipoanza kuhamisha shule zake kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza mwaka 2008, walimu waliosomea Kifaransa walilazimika kuvuka daraja hilihili. Kongo nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wanaokuja kutafuta riziki huku ni wengi, na wengi wao wanazungumza Kiswahili. Walimu, anzieni hapo, nawaomba.

Usiku ule tulikaa na daftari mpaka saa tano. Chini ya ule wino mwekundu aliandika: nimekupata, I get you. Akalitazama kitambo, kisha akaniuliza, "Sasa yule baba, angenipatia kazi kama ningesema yes?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu ana mahojiano mengine.