Amani ya Nakuru, Haki ya Kondele

Mwanasiasa akisimama Afraha, hapa Nakuru, akatamka "amani", uwanja hutulia. Akilitamka Kondele, Kisumu, kuna uwezekano mkubwa aitikiwe "Haki yetu!" Wote wanaomsikiliza wanaipenda Kenya. Tofauti iko katika yaliyowapata huku neno hilo likihubiriwa, na mhutubu hodari huyajua hayo vizuri sana.

Mama anayeniuzia sukuma wiki Free Area alifukuzwa Molo Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, akalala na wanawe katika hema pale uwanja wa maonyesho. Msimu wa kampeni, gari la matangazo likipita na vipaza sauti vikihimiza amani, huacha kukata mboga mpaka lipotee kwenye kona. Kwake amani maana yake ni paa ambalo halijachomwa. Mtu kama huyo huna haja ya kumsomea ilani. Ukiitaja amani umeshamgusa rohoni, hata kama huna lolote utakalomfanyia.

Kisumu wana kumbukumbu zao. Oktoba 1969, Rais Mzee Jomo Kenyatta alikwenda kufungua hospitali ambayo wenyeji wanaiita Russia hadi leo kwa kuwa Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Yeye na kiongozi wa upinzani, Jaramogi Oginga Odinga, wakarushiana maneno hadharani, fujo zikazuka, risasi zikafyatuliwa, watu wakafa. Kenyatta huyo ndiye aliyewafundisha Wakenya kuitikia "Harambee!" Kisha Agosti 2017, polisi wakikabiliana na waandamanaji baada ya uchaguzi, mtoto wa miezi sita alipigwa rungu ndani ya nyumba yao Nyalenda, akafariki. Baada ya hayo, kiongozi akiwaambia watu wadumishe amani, wengi husikia "nyamazeni".

Kwa maoni yangu wasikilizaji hawana kosa. Wanasiasa wetu wameyatenga maneno ambayo wimbo wa taifa umeyaweka pamoja. Uimbe polepole ubeti wa kwanza: "Haki iwe ngao na mlinzi", ndipo unafika "Natukae na undugu, amani na uhuru." Haki imetangulia. (Na lahani yake imetokana na wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mtoto, nadhani ndiyo sababu unatuingia hivyo.) Vijana walioingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, bendera mabegani, wakauimba wimbo huohuo, nami naamini hakuna hotuba ya kizalendo iliyotolewa mwaka ule iliyoushinda.

Linalonitia hofu zaidi ni lile neno dogo "yetu". Kiswahili hakina "sisi" moja ya pamoja nawe na nyingine ya bila wewe. Mhutubu husema "ardhi yetu", kila mmoja akajaza mwenyewe nani yumo na nani hayumo. Huko mashinani, Molo au Kuresoi, watu wamewahi kulisikia likifuatwa na "madoadoa". Neno hilo halina chuki ndani ya kamusi. Doa huwa kwenye shati. Lakini doa kazi yake ni kuondolewa, na katika Bonde la Ufa neno hilo lilitumika kwa majirani wa kabila jingine kabla nyumba zao hazijateketezwa. Ndiyo maana seneta aliyelitamka jukwaani Eldoret Januari 2022 alikamatwa, na Tume ya Uwiano na Utangamano ikaliweka kwenye orodha ya maneno ya chuki. Walifanya vyema. Ila orodha haiwezi kulikamata "yetu", na hilo ndilo linalolifungulia njia lile jingine. Hapo kazi inabaki kwetu tulio chini ya jukwaa: kuuliza kwa sauti, "Yetu na nani?"

Mgombea atakayekuja Afraha 2027 kunihubiria amani, nataka aeleze palepale kesi za waliouawa 2008 na 2017 zimefikia wapi. Na akivuka kwenda Kisumu, aseme hayohayo.