Maiki ya bei chee inasikia hadi korongo juu ya bati

Mwezi uliopita nilinunua maiki ya kondensa kwa shilingi elfu tisini, pamoja na mkono wa kufungia mezani, waya na kile kisponji cheusi. Muuzaji, duka moja hapa mjini, alinihakikishia kuwa nachomeka kwenye laptopu tu, naanza kazi. Nikachomeka. Sauti ikatoka kwa mbali kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na nyuma yake mvumo usiokata, shhhh.

Nilikaribia kuirudisha. Kumbe ilikuwa na njaa. Ndani ya kondensa kuna kiwambo chembamba kilichowekwa mbele ya sahani ya chuma. Ukiimba kiwambo kinatetemeka, nafasi kati yake na sahani inabadilika, na badiliko hilo ndilo linalogeuka kuwa sauti kwenye waya. Vyombo vya aina hii kwa kawaida vinataka volti 48, zile wanazoita fantomu, na tundu la maiki la laptopu linatoa volti chache tu. Niliazima kwa prodyuza mmoja wa Igoma kisanduku chake cha kurekodia, chenye kitufe kilichoandikwa 48V, na waya wa pini tatu pande zote mbili. Maiki ileile ikafufuka.

Na ilipofufuka ikaanza kusikia. Hapo ndipo shida ilipo.

Naishi Bugarika, hapa Mwanza, mlimani, nyumba ya bati, sakafu ya saruji, chumba hakina kitu zaidi ya meza na kitanda. Binamu yangu alikuja kuingiza sauti ya wimbo wa kwaya. Mara ya kwanza bodaboda ilipanda mlima kwa gia namba moja, ubeti mzima ukaenda nayo. Mara ya pili akatua korongo juu ya paa, mmoja wa wale wanaozoea kuokota utumbo wa samaki kule soko la Mwaloni. Kwenye hedifoni nilisikia kucha zake zikiteleza kwenye bati, kra, kra, kra, safi kuliko sauti ya binamu. Nikikuambia maiki hii ni nzuri, ushahidi wangu ni huyo korongo.

Watu hubishana sana kuhusu kelele ambayo maiki yenyewe inaitoa. Maiki ya Rode NT1-A imeandikwa desibeli 5, AT2020 ya Audio-Technica desibeli 20, na kwa mtu mwenye studio iliyozibwa hiyo ni tofauti kubwa. Kwangu mimi, jirani akiwa anakaanga sato ukuta wa pili, mabishano hayo ni ya watu wengine.

Kilichoniumiza zaidi ni mwangwi. Kelele ya bodaboda unaisubiri ipite, lakini mwangwi wa kuta tupu unaganda kwenye kila neno na kuutoa baadaye kwa programu ni kazi ngumu. Tukasimamisha godoro nyuma ya binamu, tukatundika mablanketi mawili kwenye kamba ya nguo, naye akasogea mpaka shubiri moja kutoka kwenye maiki. Kusogea huko kulisaidia kuliko yote. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwimbaji inapanda kama desibeli 6, huku mwangwi wa chumba ukibaki palepale. Ndiyo maana siamini sana wanaosema maiki ya dainamiki, zile za kushika mkononi za jukwaani, "haisikii chumba". Inasikia, ila wewe unaiimbia mdomo ukiwa umeigusa.

Lawama yangu kwa hii ya elfu tisini ni moja, na si ndogo: herufi s. Imepandishwa sauti nyembamba ili dukani ionekane inang'aa, na wimbo wenyewe ulikuwa na neno "asifiwe" kila mstari wa nne. Ilikuwa kama nyoka yupo kwenye kwaya. Nikaigeuza kidogo pembeni ya mdomo, ikapoa, haikupona. Kwa zile p zinazopasuka, nilivuta soksi ndefu ya nailoni kwenye kipande cha waya kilichokunjwa duara. Kisponji walichonipa nimempa mtoto.

Jambo jingine kwa sisi wa kandokando ya ziwa: kondensa haipendi unyevu, ikilowana inaanza kukwaruza. Yangu inalala kwenye kopo la maziwa lenye vile vifuko vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Ningeinunua tena? Ndiyo, ila ningeanza na mablanketi, halafu kisanduku cha volti 48, maiki ikaja mwisho. Anayekaa kando ya barabara ya lami, ambaye godoro lake moja wanalilalia watoto watatu, namshauri achukue dainamiki na aishike mkononi.

Wimbo tuliumaliza saa kumi kasoro usiku, mji umelala. Ubeti wa tatu, ukisikiliza kwa hedifoni, kuna jogoo. Binamu anasema aachwe.