Thabai Ilipopanda Matatu

Shemeji yangu ni mtu wa Kilifi, na Kilifi thabai, mboga ya majani yanayowasha, haioti. Yenyewe hupenda baridi na unyevu wa misitu ya nyanda za juu. Pale sokoni Marikiti mama muuzaji alipomwambia azishike kwa gunia, alicheka. "Shemeji, mimi nimeparua samaki wa kila aina." Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu 2017, basi akatumbukiza mafungu yake mawili kwenye mfuko wa wavu, ule wa vitunguu. Kwenye matatu akaupakata. Naye kavaa kaptula.

Nilimwambia.

Jani la thabai limejaa vinywele vyenye uwazi ndani na ncha ngumu ya silika. Ukivigusa, ncha hukatika na kinachobaki ni kama sindano ya daktari, inadunga maji ya kuwasha papo hapo. Wavu hauzuii kitu, wala suruali nyepesi. Palikosekana mtu wa kuwabana tu, na makanga hakukawia: "Songa, songa, bado mmoja!"

Jirani yake mwenye suti alirukia dari. "Siafu!" Abiria wote wakainuka. "Hakuna kusimama!" makanga akapiga kelele. Watu wakamulika chini ya viti kwa simu. Shemeji naye, kwa adabu ya ugeni, akainama kuwasaidia kutafuta siafu, mfuko kaukumbatia kifuani.

Shosho mmoja wa nyuma ndiye aliyeyaona majani. "Msijikune! Mnavisukuma ndani!" Makanga alikuwa na selotepu ya kuungia noti. Ikabandikwa, ikabanduliwa, ikabandikwa tena. Vinywele vya thabai vikatoka, na vya mapaja ya shemeji pia. Baada ya hapo ni sabuni na maji, na subira.

Nyumbani nilizishika kwa koleo. Nilichuma vichwa laini tu. Zilizokwisha kutoa maua nilizitupa, majani yake yana chengachenga mdomoni. Dakika tatu kwenye maji yanayotokota, vinywele vikalegea, muwasho ukaisha. Mafungu yote mawili yalinywea yakawa konzi moja, lakini hiyo yatosha kuufanya mukimo wa viazi na mahindi kuwa kijani kibichi.

Shemeji aliubonyeza kwa mgongo wa kijiko, akangoja, kisha akaisogeza sahani kwa kaka yake.

"Anza wewe, uliyeoa huku."