Maji Yakifika Nusu, Geuzeni

Mwindaji anayejisifu kwamba ameshinda porini bila kugusa maji, mimi sifuatani naye. Ana bunduki mkononi, na upungufu wa maji huvuruga akili kabla haujaangusha mwili. Kichwa kinagonga, kizunguzungu kinakuja, na uamuzi wa kufyatua au kuacha unakuwa wa kubahatisha.

Msimu hufunguliwa Julai 1, wakati wa kipupwe, na hapo ndipo watu wanaotoka Tanga mjini kwenda nyika za upande wa Handeni huzoea kubeba chupa moja. Oktoba ikiingia, vuli bado, chupa ileile haifui dafu. Mtu anayetembea juani na mzigo anaweza kutoa jasho lita moja kwa saa, pengine zaidi. Ukingoja kiu umeshachelewa. Heri mafunda machache kila dakika 15 au 20 tangu asubuhi.

Ila kinachonikosesha raha hasa ni mnyama aliyejeruhiwa. Hapo ratiba imekufa. Damu iko kwenye majani, nyayo zinaendelea, na kumwacha nyati akiteseka vichakani, aje kukutana na mchungaji asiyejua lolote, kwangu ni dhambi. Kwa hiyo maji ya kumfuatilia yatengwe mapema. Dumu likifika nusu na hamjafyatua risasi, geuzeni, hata kama nyayo ni mbichi.

Na hesabu hiyo iwe ya watu wote. Inaniuma kuona mwenye kibali anakunywa maji ya baridi huku mfuata nyayo na kijana wa mizigo wakitegemea lambo. Ng'ombe wanakunywa humohumo. Kuna kuhara, na ukitumbukiza miguu tu unaweza kutoka na kichocho.

Madafu yetu ya pwani chukueni, yana potasiamu ya kutosha, lakini chumvi iliyotoka na jasho hayairudishi yote. Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi: changanyeni nyumbani kabla ya safari.

Mwenzenu akianza kuropoka na mwili unawaka, uwindaji umekwisha. Mlazeni kivulini, mvueni shati, mloweshe maji, mpepeeni, huku gari likiandaliwa kwenda hospitali. Akiwa amechanganyikiwa msimlazimishe kunywa, atapaliwa.