Amani Karume apimwe pia kwa Novemba 2009

Ndugu mhariri, makala yako inasema kwamba Amani Abeid Karume aliupata urais wa Zanzibar mwaka 2000 kwa sababu tu ni mwana wa Mzee Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa visiwa hivyo, aliyeuawa tarehe 7 Aprili 1972. Jina lile lilimsafishia njia, hilo halina ubishi, lakini hukumu ya miaka yake kumi haiwezi kuishia hapo. Mimi sijasahau Januari 2001, wananchi walipopigwa risasi Pemba na wenzao wakavuka bahari kwa mashua hadi Shimoni, Kenya. Hata hivyo, ni yeye huyo aliyekutana ana kwa ana na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa chama cha upinzani cha CUF, Ikulu, Novemba 2009, baada ya miafaka miwili, yaani makubaliano ya amani kati ya chama tawala CCM na CUF, kushindwa kutuliza visiwa. Katika kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010, wapigakura waliulizwa ndiyo au hapana, na takriban theluthi mbili wakaikubali serikali ya umoja wa kitaifa, ambayo Karume mwenyewe, akiwa anamaliza muhula wake, hakuja kuiongoza.