Kero ya Kumwalika Mmoja Wakaja Watatu
Jumamosi hii ninatarajia kutoka na mtu ambaye bado sijamfahamu vizuri, na kila ninapoikumbuka mitoko iliyopita, kinachonijia kwanza ni ile kero ya kumwalika mtu mmoja wakaja watatu. Mara ile, na mwenzangu mwingine, tulikubaliana kukutana ufukwe wa Coco Beach, Oysterbay, Dar es Salaam, saa kumi na moja jioni, wakati jua limepoa na wakaanga mihogo wameshawasha majiko. Mwenzangu akafika saa moja usiku, akiwa na shoga zake wawili ambao hakuwahi hata kunitajia, nao bila salamu ya maana wakaagiza mishikaki, mihogo na madafu kana kwamba ndivyo tulivyopanga. Fedha si hoja kubwa, ingawa nayo inauma. Kinachoudhi hasa ni kwamba nilikwenda kuzungumza na mtu, nikaishia kukaa pembeni nikisikiliza habari za ofisini kwao, kila nilichouliza kikijibiwa na shoga, mwenyewe akicheka huku macho yake yako kwenye simu.

Ninaelewa kwamba kukutana na mtu usiyemjua kunatia hofu, hasa kwa mwanamke, na kumjulisha rafiki mahali ulipo ni busara kabisa. Basi niambiwe mapema, ili nami nije na ndugu yangu, tukae meza moja sote kwa heshima. Huyu wa Jumamosi nimeshamuuliza waziwazi kama atakuja peke yake, na nimefurahi kwamba hakulichukia swali hilo.