Tazameni data inakotoka
Makala kuhusu programu zinazowapendekezea wenye nyumba kodi ya pango imelaumu akili bandia yenyewe, lakini mwenye nyumba anayepanga kodi kwa hesabu zake, au kwa matangazo ambayo kila mtu anayaona, havunji ushindani. Hatari ni data ya siri: kodi halisi za mikataba, idadi ya nyumba tupu, tarehe za mikataba kuisha, zote kutoka kwa washindani, zikitiwa chungu kimoja. Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki RealPage, kampuni inayouza programu kama hizo, Agosti 2024 kwa madai hayo hayo. San Francisco ikapiga marufuku programu za namna hiyo mwaka uleule. Wakaguzi waanze na kinachoingia kwenye programu, kisha kitufe kinachokubali moja kwa moja kodi iliyopendekezwa na programu. Nyumba zikikaa tupu na kodi haishuki popote, hapo pachunguzwe: huenda kila mwenye nyumba anajua mwenzake naye hatashusha.